Siku Madam Alipofunga Mtandao

Madam Mukami hajui kukaa. Tumeishi naye ukuta kwa ukuta miaka tisa hapa Bulla Pesa, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai bila kuinuka. Atainuka kutazama kama mlango umefungwa, atarudi apige funda moja, atainuka tena kunyoosha pazia lililonyooka. Ukisimama naye kwenye kamba za nguo, anakunja zake na zako. Mimi Wanja ni mtu wa hasira za karibu, na mwanzoni nilikuwa namwambia waziwazi, "Madam, keti basi, unanichosha macho." Ananijibu, "Nitaketi, Mama Kuria," na huyo anakwenda.

Jina la Madam alilipata ofisini. Alikuja Isiolo akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili kutoka kwao Nyambene, akapiga chapa barua za serikali mpaka vidole vikapinda, kwanza kwa taipureta, kisha kwa kompyuta. Wakubwa walikuja wakahamishwa, kila mmoja akaacha faili zimevurugika, na yeye ndiye aliyejua kila karatasi imelala wapi. Akaolewa na Kobia, mtu wa miraa, aliyekuwa akishuka na magunia kila mchana kabla majani hayajanyauka. Kobia alikuwa mnene, mpole, na alicheka kabla hajafika mlangoni, kwa hiyo ploti nzima ilijua amekuja. Hawakujaliwa mtoto. Kobia alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo kule kutotulia kwa Madam kulizidi mara mbili.

Ploti yetu ina vyumba vinane na bomba moja. Maji huja Jumanne na Ijumaa, na hayaagi yakitaka kuondoka. Madam ndiye katibu wa maji ingawa hakuna aliyempigia kura. Akisikia bomba linakohoa, husimama katikati ya ua na kuita, "Watu wangu! Maji yanaenda! Mwenye masikio amesikia!" Hapo kila mtu anatoka na alichonacho: mitungi, ndoo, sufuria, hata birika. Unaweka mtungi wako kwenye foleni unaenda zako, utaukuta umejaa. Mtu aliyelala wakati wa wito huo hapati huruma kwake. "Nilisema," atakwambia, na kukupita na ndoo zake mbili.

Mtandao nao alituletea yeye. Ploti iko bondeni nyuma ya maghala, na simu zetu hushika kidogo kama zinaona haya. Madam alipostaafu alianza kuwapigia watu chapa akiwa nyumbani, akaomba kampuni imvutie waya kutoka kwenye nguzo ya barabarani. Ulikuwa waya mmoja tu, ukaingia dirishani mwake na kuishia kwenye kompyuta moja, ile laptop yake nyeusi nzito ambayo ukiipakata unahisi umebeba mtoto wa miezi sita.

Basi tukaanza kubisha hodi. Nakuam, muuguzi kutoka Ngaremara anayekaa chumba cha tatu, alikuwa anajiendeleza kimasomo, akawa anakuja kutazama mafunzo yake ameketi kitandani kwa Madam. Mimi nashona sare za shule, na mashine yangu ya kudarizi inakula michoro inayotoka mtandaoni. Mwalimu Abdighani huwafundisha Kurani watoto wa ndugu zake walio ng'ambo, na yeye alileta shida ya aina yake, maana hawezi kuingia chumba cha mwanamke mjane akajifungia naye. Madam alivuta waya mpaka kizingitini. Mwalimu akaketi nje juu ya kigoda, kompyuta juu ya ndoo iliyofunikwa, akasomesha alif na ba huku kuku wanampita. Madam mwenyewe alikuwa akizunguka ua akingoja kompyuta yake irudi, na kazi za watu zinachelewa.

Mwalimu Abdighani ndiye aliyemaliza shida hiyo. Siku moja alirudi kutoka mjini na rauta, kisanduku cheupe chenye masikio mawili, akachomoa waya kwenye kompyuta na kuuchomeka kwenye kisanduku. "Sasa waya inaingia hapa," akatueleza, "na hapa ndani ndio inagawanywa. Kompyuta tano, kumi, kila moja inapata fungu yake bila waya." Madam akaandika paswadi kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani, pale juu ya bomba. Alisema mtu hanyimwi maji, na sasa hatanyimwa hiki pia. Baadaye akanunua kompyuta mpya, nyembamba kama chapati, na ile nyeusi akanipa mimi.

Kwa hiyo sisi tulijua kwamba Madam hafichi kitu. Tulikosea sana.

Kumbe kwa miaka minne alikuwa na kesi. Kobia alipozikwa shambani kwao, mdogo wake, Mutuma, alifunga geti jioni ile ile. Aliiambia mahakama kwamba Mukami hakuwa mke wa kaka yake. Alikuwa mwanamke wa mjini tu, hana cheti, hana mtoto, na Kobia alipokuwa akishuka Isiolo alikuwa akilala kwake kama mtu anavyolala gesti. Shamba lina miraa ya miaka mingi na nyumba ya mawe, na nyuma ya nyumba ndipo kaburi lilipo. Madam alikuwa anapigania vyote vitatu, lakini mtu aliyemjua angejua anachokitaka kwanza. Kesi iliahirishwa na kuahirishwa. Mwisho ikaja barua: Alhamisi, saa tatu asubuhi, mlalamikaji atoe ushahidi wake kwa njia ya video, akiwa mahali pa faragha penye kimya. Asipopatikana, kesi itatupwa.

Hakumwambia mtu. Wazee wana methali mbili za mtu anayeficha mambo. Moja ni ile ya maradhi na kifo, na ya pili siwezi kuitamka mbele ya mwanamke ambaye hakupata mtoto. Niseme tu kwamba alituona sisi kama watu waliompenda Kobia, watu waliokwenda kumzika kwa lori mbili, na hakutaka tusikie ndoa yake ikiitwa gesti.

Jumatano jioni alisimama katikati ya ua akaita kwa sauti ile ile ya siku zote. "Watu wangu! Kesho saa tatu mpaka saa tano mtandao umefungwa. Mwenye masikio amesikia!" Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Yeye alimaanisha, msiuguse. Sisi tulisikia, jazeni.

Sijui nikueleze vipi uelewe kama hujaishi na maji ya siku mbili kwa wiki. Ukiambiwa kitu kinaondoka kesho, hukai ukafikiri. Mikono inatangulia. Nakuam alianza kushusha mafunzo ya muhula mzima. Mwalimu alikuwa anasafiri alfajiri kwenda Kinna kumwona mama yake, akawasha kompyuta yake, akaiagiza masomo na visomo vya mwezi mzima, akaiacha mezani. Mzee Mungania, mlinzi wetu wa geti, alishusha mieleka kwenye simu yake na kuificha chini ya godoro ili asiibiwe. Mimi sikukubali kuachwa nyuma. Niliiagiza kompyuta nyeusi michoro mia tatu: nembo za shule, maua, twiga, herufi za Kiarabu za kanzu. Kisha nikaona simu nayo imelala bure, nikaipa video za harusi zote za binamu zangu. Asubuhi nilitazama nikakuta kazi haijafika nusu, kwa sababu watu wanane walikuwa wananyonya kwenye waya mmoja. Je, nilizima? Nani anaondoa mtungi chini ya bomba kabla haujajaa? Nilidhani saa tatu ikifika Madam atachomoa kitu na mambo yataishia hapo. Nilifunga kufuli, nikaenda zangu kwenye kibanda changu sokoni. Na kila jirani alifunga lake akaenda kazini.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Madam mwenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu hakai mahali pamoja akamaliza hadithi.

Saa tatu kasorobo alikuwa amevaa blauzi nyeupe, amesukuma kitanda, ameweka kiti mbele ya ukuta mtupu. Akafungua ile kompyuta nyembamba na kuingia kwenye kikao. Picha ya hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, ikatokea, ikaganda mdomo wazi. Karani wa mahakama akasema neno, likakatika. "Mama... hatuku... mama?" Madam akapaza sauti kana kwamba hakimu yuko ng'ambo ya mto. Hakuna kitu. Taa za rauta zilikuwa zinacheza kama zimepagawa.

Alizima rauta, akahesabu mpaka thelathini, akaiwasha. Lakini huko ni kufunga bomba na kulifungua huku mitungi yote bado iko chini yake. Kompyuta zetu na simu zetu, zimefungiwa vyumbani peke yazo, ziliukuta mtandao umerudi zikaendelea kunywa. Alijaribu bando la simu yake, na hakimu akawa miraba ya rangi. Kupanda barabarani hakuweza, huko juu kuna vijana wa kuchomea vyuma, na mahakama ilitaka kimya. Mara moja tu sauti ilifika safi, nayo ni ya hakimu: "Nitaiita kesi hii tena mwisho wa orodha, kama saa nne na robo hivi. Kama mama hatasikika, naitupilia mbali."

Hapo ndipo ungemwona. Alipiga mlango wa Nakuam, kufuli. Wa Mwalimu, kufuli. Alimpigia Mwalimu simu amwambie namna ya kubadilisha paswadi, kwa maana ni yeye tu anayejua njia ya kuingia kwenye kile kisanduku, na simu ya Mwalimu ilikuwa haipatikani. Alimpigia Nakuam, lakini wauguzi hawashiki simu wakiwa wodini. Alinipigia mimi, na akasikia simu yangu inalia nyuma ya mlango wangu mwenyewe, mle ndani, inajijazia harusi.

Alizunguka ua mara nne, mara tano. Alikuwa anasema peke yake kwa Kimeru. Alikumbuka kwamba zamani, kabla ya kisanduku, waya ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye kompyuta na hakuna wa kugawana naye. Akachomoa waya kwenye rauta, akaugeuza, akatafuta tundu la kuuchomeka kwenye ile kompyuta yake mpya. Haina tundu. Zinatengenezwa nyembamba mno siku hizi, tundu la waya halina pa kukaa. Kompyuta yenye tundu aliijua vizuri. Alinipa mimi.

Saa nne kamili Madam Mukami, mwanamke anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi, alichukua jiwe la kuzuia geti na kulipiga kufuli langu. Anasema alipiga mara tatu na mara ya tatu alifumba macho.

Sasa sehemu yangu. Nilikuwa nampima mtoto sweta Mzee Mungania alipofika anahema. Alikuwa amekwenda kununua maziwa, amerudi.

"Mama Kuria, mlango yako iko wazi."

"Wazi namna gani? Nilifunga."

"Kufuli iko chini. Na ile kompyuta yako haiko."

Ngai! Ile kompyuta ina kazi za shule nne, na muhula unafunguliwa Jumatatu. Niliangusha sweta, nikaacha kibanda wazi, nikakimbia na viatu vya ndani. Nilikuwa napiga kelele tangu sokoni. "Mwizi! Mwizi jamani, ameniingilia!" Nawe unajua neno hilo linavyowaita watu. Mafundi wa vyuma wakaacha moto wao, watu wa boda wakageuza pikipiki, akina mama wa maziwa wakaja na mikebe yao. Tulipofika getini tulikuwa watu thelathini, na mmoja ana tairi begani, sijui aliitoa wapi upesi hivyo. Ninapoikumbuka ile tairi mpaka leo nasikia baridi.

Nikaona mlango wangu, ndani hamna kompyuta, na waya wa chaja nao haupo. Mlango wa Madam ulikuwa umerudishwa. Nilitaka kumwita anisaidie kupiga kelele. Nikausukuma.

Alikuwa ameketi. Mgongo wima, mikono juu ya magoti, na mbele yake ilikuwa kompyuta yangu nyeusi, waya umeingia ubavuni kama zamani. Kisanduku cheupe kilikuwa sakafuni, taa zimezimika. Kwenye kioo kulikuwa na yule mama mwenye miwani, na mwanamume mwenye tai, na mwingine mnene aliyefanana na Kobia mpaka nikashtuka.

"Na ndio huyo mwizi?" mtu akauliza nyuma yangu kwa sauti kubwa. "Mtoeni nje!"

Hakimu aliinua kichwa. "Mama Mukami, hizo ni kelele gani? Uliambiwa mahali pa kimya. Hao ni akina nani?"

Madam hakugeuka. "Ni majirani, mheshimiwa," akasema. "Wamekuja kwa sababu nimevunja mlango wa mwenzangu. Kompyuta hii nimeichukua bila ruhusa. Sikuwa na njia nyingine ya kufika mbele yako."

Yule mwenye tai alirukia neno hilo kama kuku aliyeona punje. "Mheshimiwa, ninaomba iandikwe. Huyu ndiye mwanamke ambaye mteja wangu anamlalamikia. Mazoea yake ndiyo hayo. Anaingia katika vya watu, halafu anadai ni vyake."

Yule mnene, Mutuma, alitabasamu. Mimi sikuijua kesi, sikujua kitu kuhusu shamba wala geti, lakini lile tabasamu nililijua. Nimeliona kwa watu wanaoona mwanamke ameteleza nao wanangoja aanguke kabisa. Nilikuwa na hasira ya mlango wangu bado imejaa kooni, na ghafla ikapata mahali pengine pa kwenda.

"Mwenye mlango yuko hapo?" hakimu akauliza.

"Niko, mheshimiwa." Nikasogea mpaka nikajiona kwenye kioo, kilemba kimekaa upande, na lile kufuli lililopasuka liko mkononi mwangu. Nililiokota pale chini bila kufikiri. Nikalificha kwenye kanga.

"Umevunjiwa?"

Watu thelathini walikuwa nyuma yangu. Wote walinisikia tangu sokoni.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Kompyuta ni yake tangu mwanzo, na mlango nilimwachia ufunguo. Mimi nilisahau tu nikapiga kelele. Nisamehe."

Hakimu alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Sijui alinisadiki au alichoka. "Basi ondoa hao watu," akasema, "na mama aendelee kutoka pale alipofika."

Niliwatoa. Niliwasukuma nje kwa tumbo na viwiko, nikamwambia yule wa tairi akairudishe alikoitoa, nikafunga mlango na kuuegemea kwa nje. Ua mzima ukanyamaza. Hata wale wa boda walizima pikipiki. Na ukuta wetu si ukuta wa kuzuia sauti.

"Sisi hatuna cheti, mheshimiwa," Madam alikuwa anasema. "Tulioana kwa desturi ya kwetu. Kobia alileta asali kwa baba yangu, na Mutuma mwenyewe, huyo hapo, ndiye aliyeubeba mtungi begani, kwa sababu alikuwa kijana na mwenye nguvu. Mama yangu alimpa uji akanywa vikombe viwili. Muulize kama hakumbuki. Niliishi na Kobia miaka ishirini na moja. Nilimwosha alipougua. Tangu tumzike sijaliona kaburi lake. Kila Desemba napanda gari mpaka pale, nasimama getini, wananiambia mwenye shamba hayupo. Nalala lodging siku mbili, halafu narudi Isiolo nawaambia majirani zangu nimelifyeka na kulipanda maua."

Nilihisi nimepigwa kofi. Kila Desemba alikuwa akituaga na jembe dogo limefungwa kwenye mfuko. Kila Desemba nilikuwa nampa mbegu za maua kutoka kwenye mikebe yangu, na akirudi namuuliza, yameota? Ananijibu, yameota, Mama Kuria, mekundu yameshinda meupe. Nilisimama pale mlangoni nikalia mbele ya mafundi wa vyuma, na sikuona haya.

Mutuma aliulizwa kuhusu mtungi wa asali. Alizunguka, akasema ilikuwa zamani, vijana hubeba vitu vingi. Hakimu akamuuliza tena, alibeba au hakubeba. Akasema alibeba. Hakimu alisema hukumu itasomwa baada ya wiki sita, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayemzuia mama huyu kufika kaburini.

Nilipoingia, Madam alikuwa bado ameikodolea macho kompyuta iliyozimwa. Aliliona kufuli mkononi mwangu.

"Umeidanganya mahakama, Mama Kuria."

"Na wewe umenidanganya miaka minne!" Nilikuwa napiga kelele tena, sikuweza kujizuia. "Kwa nini hukusema jana una kesi? Ungesema neno moja tu, nani angegusa hiyo mtandao? Nani hapa? Hata Mzee Mungania angezima mieleka yake!"

"Ningesema nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niwaambie ninyi mliomzika kwamba mimi sijulikani kwao? Nawapa waya, nawapa maji. Hilo nilishindwa kuwapa."

Nilimshika mikono yote miwili, vile vidole vilivyopinda kwa barua za serikali, na vilikuwa baridi saa tano ya mchana wa Isiolo. Alilia basi. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa asubuhi ile, na nadhani ndivyo ilivyokuwa, maana siku ya mazishi alikuwa akiwagawia watu sahani. Nje akina mama wa maziwa walianza kumpigia vigelegele, halafu wakasikia ni kilio, wakanyamaza.

Tangu hapo hajaanza kuketi, usije ukadhani. Jana amekunja nguo zangu mara mbili. Mwalimu Abdighani alirudi kutoka Kinna, akasikia yote, akamfundisha namna ya kuingia kwenye rauta mwenyewe na kumfungia mtu yeyote anayemtaka. Alijifunza kwa dakika tano na hajamfungia mtu bado. Nakuam alikuja kuomba msamaha, na badala ya msamaha akapewa chai.

Hukumu bado wiki tatu, na mimi siisubiri. Kaburi halihitaji hukumu tena. Nilimwambia tunaenda pamoja, akakataa, akasema safari ni ndefu, kibanda changu kitakaa na nani, yeye amezoea kwenda peke yake. Nilimwambia kuzoea kwake ndiko kulikomweka nje ya lile geti miaka minne. Jembe limo ndani ya mfuko wangu mimi, pamoja na mbegu, na gari linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.